Mzizi Mtamu Kwenye Chungu cha Shosho

Niseme mapema kwamba Shosho hakuwa nyanya yangu. Alikuwa mama ya mwajiri wangu, mwanamke wa Kichina mwenye umri mkubwa na mifupa midogo. Mwanawe, mhandisi, alimleta Doha ili asizeeke peke yake, kisha akaniajiri mimi nikae naye mchana wakati yeye na mkewe wako kazini. Jina lake lilinishinda siku ya kwanza. Nikamwita Shosho, kama ninavyowaita nyanya wote wa kwetu, naye akadhani ni neno fulani la heshima la Kiingereza, akaitika. Mpaka leo anaitika.

Waliishi Lusail, juu kabisa kwenye jengo jipya ambalo kuta za lifti yake zilikuwa bado na plastiki ya kiwandani. Mimi nilikuwa nalala Najma, kwenye nyumba ya kukodi kitanda iliyojaa Wakenya na Waganda, chumba kimoja na dada yangu. Asubuhi nilipanda metro hadi Lusail, nikavua viatu mlangoni, nikaanza kazi: kumwogesha Shosho, kumpima presha, kumtembeza sebuleni akishika mkono wangu, na kumpikia dawa.

Dawa hiyo ilikuja katika vifurushi vya karatasi ya kaki kutoka mji wa kwao, kwa daktari aliyekuwa akimtibu tangu zamani. Mwanawe alivileta kwenye sanduku kila aliposafiri. Kila kifurushi kilikuwa dawa ya siku moja, ya kutibu miguu iliyokuwa baridi hata mwezi wa Julai, wakati mimi nilikuwa nikifika pale nimelowa jasho hadi kwenye soksi. Mara ya kwanza nilipofungua kifurushi nilidhani wananichezea. Kulikuwa na vipande vya mzizi mweusi unaong'aa, magome, maganda ya machungwa yaliyokunjamana, kitu kingine kilichofanana na kucha za mzee, na vipande vyembamba vya manjano vyenye ukingo wa kahawia. Mimi nimekulia katika nyumba ya miti shamba. Mama alikuwa akichemsha muarobaini mpaka majirani wanafunga madirisha. Lakini kwetu mti ni mmoja na ugonjwa ni wowote ule. Hapa ugonjwa ulikuwa mmoja na miti ilikuwa mkutano mzima.

Shosho alinifundisha kwa mikono na kwa simu. Aliongea kwenye simu yake, simu ikafikiri kidogo, kisha ikatoa Kiswahili cha msomaji wa taarifa ya habari. "Mweusi ndiye mtawala," ilisema. "Ana nguvu na ana hasira. Apikwe kwanza, peke yake, kwa muda mrefu." Akanionyesha magome, simu ikasema hao ni mawaziri wake. Maganda ya machungwa yalikuwa ya kuzuia tumbo lisigome. Mwisho akachukua kipande cha manjano, akakiweka kwenye kiganja changu. "Huyu ni mpatanishi," simu ikasema. "Anamshika mtawala mkono asipige watu. Anawawezesha wote kukaa nyumba moja."

Nikaitikia kwa heshima, lakini moyoni nilicheka. Nimekaa kwenye kamati nyingi za harusi na ninamjua mpatanishi. Ni yule asiyepewa kazi yoyote, lakini chai ikija ndiye wa kwanza kunyoosha kikombe. Shosho alipogeuka nikaonja kile kipande. Kilikuwa kitamu, utamu mzito wa kukaa kooni, na hapo nikamaliza mawazo yangu. Kwetu dawa ni uchungu, na mtoto akiomba sukari anaambiwa anaiua dawa. Huyu wa manjano nikamwona ni hongo ya ulimi tu, amewekwa ili wazee wasiteme.

Sasa nieleze habari za dada, kwa maana bila yeye kisa hiki kingekuwa cha chungu na moto tu. Hatukuzaliwa tumbo moja. Ni binti wa shangazi yangu, na ndiye aliyenitoa nyumbani. Alitangulia Doha, akavumilia mwaka wake wa kwanza kwenye kitanda cha juu akilala chini ya feni iliyovunjika, akanitafutia ajenti asiye mwongo, akanipokea uwanja wa ndege na chapati kwenye mkoba. Alikuwa akisafisha vyumba kwenye hoteli moja West Bay. Hotelini kwao wasafishaji walivaa sare ya kijivu na wasimamizi wa ghorofa walivaa koti jeusi. Dada alikuwa ameahidiwa koti. Meneja alimwambia avuke kiangazi bila kukosa zamu na bila mgeni kulalamika, baada ya hapo angelivaa. Alilitaka koti lile kuliko kitu chochote. Alikuwa ameshaanza kutembea kama mtu aliyelivaa.

Kilichomsumbua ni tumbo. Kiungulia kilimpanda katikati ya zamu akalazimika kuinama juu ya kitoroli cha mashuka mpaka kipite. Vidonge vya kutafuna alivila kama peremende. Kliniki ya wafanyakazi hakutaka hata kuisikia, kwa sababu iliaminika kwamba wanaoonekana pale mara kwa mara hawapandi cheo.

Siku moja nikamletea kipande kimoja cha manjano, nia yangu ikiwa kumchekesha tu.

"Hii ni nini? Unanilisha kuni?"

"Tafuna, dada. Ni ya Shosho."

"Wee! Umeibia mgonjwa dawa?"

"Si dawa bwana, hiyo ni sukari yao. Ya kudanganya wazee."

Akatafuna akikunja uso, kisha uso ukakunjuka. Kesho yake akarudi kutoka kazini akijipigapiga tumboni. "Manze, limelala," akasema. "Limelala fofofo. Hebu niletee ingine."

Nikamletea. Nilikuwa nikifungua kifurushi jikoni Lusail na, kabla kitu hakijagusa maji, nachambua vya manjano na kuvitia kwenye mfuko wa aproni. Mwanzoni nilimwachia Shosho vichache. Baadaye sikumwachia hata kimoja. Nilikuwa na majibu tayari kichwani iwapo moyo ungenihoji: hivi ni vidogo, yeye ana mwana tajiri, dada yangu anasimama kutwa nzima. Moyo haukunihoji sana siku zile. Ulikuja kunihoji baadaye, na haujaacha.

Shosho alikunywa kikombe cha kwanza kisicho na manjano, akapitisha ulimi kwenye midomo kama anayetafuta kitu. Akaangalia ndani ya kikombe. Akaniangalia mimi. Kisha akachukua simu. "Kesho mpike mweusi kwa muda mrefu zaidi," simu ikasema. Siku zilizofuata akaniambia niongeze tena, na tena. Nilikasirika. Jiko lile halina dirisha la kufunguka, na mimi ni mtu ambaye joto linanipandisha hasira haraka. Nilirudi Najma nikamwambia dada kwamba Shosho ameanza visirani, kwamba sasa namchemshia jiwe. Dada akacheka mpaka mwenzetu wa kitanda cha pili akavuta pazia.

Basi mwanawe akasafiri tena na akarudi. Nilikuwa jikoni siku hiyo, nikimenya karoti. Shosho akaja polepole akijishika ukutani, jambo ambalo hakuwa akilifanya bila mimi, na mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira. Ndani kulikuwa na manjano matupu, mfuko umejaa kama wa njugu. Hakuja na simu. Alinyoosha mkono akagusa mfuko wa aproni yangu, pale pale nilipokuwa nikificha, akaupigapiga taratibu. Halafu akaniwekea ule mfuko mkononi, akageuka akaenda kukaa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alikuwa anajua. Alikuwa anajua siku zote hizo, na badala ya kunishtaki kwa mwanawe alikuwa amemwagiza aniletee changu.

Mtu mwingine yeyote angemfuata sebuleni akamuuliza swali moja rahisi: Shosho, hii inatumiwaje, na kiasi gani? Simu ilikuwa palepale kwenye meza. Mimi sikumfuata. Kuuliza kungekuwa kukubali kwamba nimeonekana, na maadamu hakuna aliyesema kitu, niliona afadhali tuendelee kutosema. Nilimwambia asante kwa neno pekee la Kichina nililolijua na nikarudi kwenye karoti zangu. Ule mfuko nikausukuma chini kabisa ya mkoba wangu. Ningekuwa nimeuiba waziwazi, labda ningeogopa kidogo na kuupima. Kwa kuwa nilipewa, na nilipewa kwa upole, nilifunga mdomo.

Dada alipouona alipiga vigelegele.

"Shosho amekupenda! Sasa hii si ya kutafuna moja moja, tunapika chai."

Na akapika. Aliujaza kwenye birika akauchemsha mpaka maji yakawa mekundu, akajaza chupa yake ya chai, akaenda nayo West Bay, akarudi nayo imeisha akapika tena. Mdomoni alikuwa na kipande kila wakati. Alikuwa ameacha soda na vidonge. "Si ni mzizi tu?" aliniambia nilipomtania kwamba amekuwa mbuzi. "Mzizi haujawahi kuua mtu." Na mimi, niliyekuwa nikichemsha mzizi mweusi kutwa kwa kuambiwa kwamba una hasira, niliitikia kwamba ni kweli.

Kwenye chungu cha Shosho niliacha kuiba. Nilirudisha manjano yote mahali pake, naye akaacha kuniambia nichemshe zaidi. Nilijihisi nimesamehewa pande zote. Huko kujihisi nimesamehewa ndiko ninakokuonea aibu zaidi sasa, kwa sababu kulinipa usingizi mzuri wakati dada alikuwa anaharibika kwenye kitanda cha chini yangu.

Alivimba miguu. Viatu vya kazi vikakataa, akaazima vya mwenzake vyenye namba kubwa. Akasema kichwa kinamgonga, na kwamba miguu imekuwa uji, kwamba kuinua kona ya godoro kumtandikia mgeni kunamtoa pumzi. Tukalaumu kiangazi, tukalaumu chumvi ya chakula cha wafanyakazi. Ijumaa moja kanisani, maana Doha ibada ni Ijumaa, alishindwa kusimama wakati wa nyimbo, na mimi nikamcheka kwamba koti jeusi limeanza kumlemea kabla hajalivaa. Kila asubuhi nilimfunga Shosho mkanda wa mashine ya presha nikasoma namba. Mashine kama hiyo inauzwa hata Najma. Sikuwahi kumfunga dada.

Mwenzake wa kazi, Mganda mmoja, ndiye aliyenipigia. "Dada wako ameanguka korido," alisema, "na kitoroli kimemwangukia juu. Wamempeleka hospitali. Njoo, yalla, haraka."

Nilimkuta kitandani na dripu mkononi, uso umemvimba, macho yake yakiwa mazima. Daktari alikuwa Msudani wa makamo mwenye sauti ya chini. Alinieleza kwamba presha iko juu kupita kiasi kwa mwanamke wa umri ule, na kwamba potasiamu, ile chumvi inayofanya misuli na moyo vikaze vizuri, imeshuka vibaya. Alikuwa hajajua kwa nini. Watatafuta kwenye figo, akasema, watatafuta na kwingine. Kisha akamgeukia dada.

"Kuna dawa yoyote unatumia? Ya hospitali, ya kienyeji, ya kupunguza mwili, yoyote?"

"Hakuna, daktari," dada akasema. "Hata kidonge cha kichwa sijameza."

Aliposema hivyo alinishika mkono akaubana. Nilielewa. Alikuwa ananilinda. Alijua kwamba vile vya kwanza niliviiba, na kwamba neno wizi likitoka nyumba ya mwajiri linaweza kumpandisha mtu ndege bila kuaga. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mkoba wake begani, ule waliomletea kutoka hotelini, na ndani yake ile chupa ya chai. Nilikuwa naisikia harufu yake. Daktari alinitazama na mimi kidogo, kama anayenipa nafasi, na nikatazama chini. Nikajiambia vipimo vitaona vyenyewe. Nikarudi Najma na chupa ile, nikaimwaga kwenye sinki, nikaisuuza.

Asubuhi nilikwenda kazini kama kawaida, maana sikujua mahali pengine pa kwenda. Nilimpika mtawala mweusi kwanza, peke yake, kwa muda wake. Kisha nikafungua karatasi nikamimina waliobaki, na vipande vya manjano vikaelea juu ya maji. Vilikuwa vichache mno. Nilikuwa nimeviona kila siku na sikuwa nimeviona. Hivyo vichache ndivyo vilivyomtosha mtu mzima kwa siku nzima, tena katikati ya magome na maganda na wenzake wote, na dada yangu alikuwa akinywa birika kwa birika, peke yake, bila mwenza. Nilizima jiko. Nikaenda sebuleni, nikapiga magoti mbele ya kiti cha Shosho, nikachukua simu yake.

"Dada yangu amelazwa," niliiambia. "Amekuwa akinywa ule wa manjano. Mwingi."

Simu ikasema yake. Shosho akakunja uso, akauliza, na simu ikanigeukia: "Mwingi kiasi gani?"

Sikuiamini simu kwa hilo. Nikamwonyesha kwa mikono: konzi moja, na nyingine, na nyingine, nikafanya kama ninayekunywa, nikafanya tena na tena. Shosho akafumba macho. Alipoanza kuongea aliongea muda mrefu, na simu ikawa inanikatia vipande.

"Nilijua tangu kikombe cha kwanza. Midomo yangu ilikufa ganzi. Mtawala hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Nikakuambia umpike zaidi ili hasira zake ziishe motoni." Akapumzika. "Nilifikiri, msichana huyu ana mgonjwa nyumbani. Sikutaka kukuaibisha. Nikakupa mfuko wako ili usiuchukue kutoka kwenye chungu changu. Nilisubiri uniulize kiasi."

Kumbe ile midomo aliyokuwa akiipitishia ulimi ilikuwa imekufa ganzi kwa sumu, na mimi nilikuwa Najma nikichekesha watu kwamba namchemshia jiwe. Kitu kilikuwa kile kile. Mmoja nilimnyima, mwingine nikamzidishia, na wote wawili nusura niwaue.

"Mpatanishi akiwa mdogo kati ya wengi, anatuliza," simu ikaendelea. "Akiwa peke yake na akazidi, anafunga maji mwilini na kupandisha damu. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekupa."

"Hapana, Shosho. Langu."

Simu ikamwambia. Akatikisa kichwa kukataa, akasema neno, simu ikasema, "Langu." Tukabishana hivyo, bibi wa Kichina na mimi, kila mmoja akiivuta simu aongee yeye, mpaka mimi nikaanza kulia na yeye akainuka akaenda jikoni. Alirudi na kifurushi kizima cha kaki na kipande kimoja cha manjano alichokifunga kwenye tishu. Akanipa vyote viwili akanionyesha mlango. Baadaye nilikuja kujua kwamba alimwambia mwanawe amenipa ruhusa kwa sababu tumbo liliniuma. Kwa hiyo naye alisema uongo kwa ajili yangu. Wakawa wawili.

Hospitalini nilimweleza daktari habari za birika. Alikichukua kile kipande, akakinusa, akakivunja, akanusa tena. Nilitarajia apige kelele. Badala yake akatabasamu kwa huzuni kidogo.

"Hii ni susi," alisema. "Mama yangu anaipika Ramadhani. Hata hapa Doha utaiona inauzwa wakati wa futari. Glasi moja haina neno." Akamtazama dada kitandani. "Huyu amejiwekea Ramadhani ya kiangazi kizima."

Kisha akaacha kutabasamu. Alisema sasa anajua la kufanya, kwamba dada asiuguse tena mzizi huo maishani, kwamba presha itashuka polepole na nguvu za miguu zitarudi. Alikuwa ameshaagiza vipimo vingine, akavifuta. Alipokuwa anatoka alisimama karibu nami. "Ungeniambia jana," alisema. Hakusema kwa ukali. Ningeshukuru kama angesema kwa ukali.

Dada alipona. Hilo nilishikilie, kwa sababu ni kweli. Miguu ilirudi kuwa miguu, viatu vyake vikamwingia tena. Meneja wake alikuja kumwona hospitali na maua yaliyotoka kwenye meza za mapokezi, akamwambia apumzike. Aliporudi kazini koti jeusi lilikuwa limevaliwa na mwingine, msichana mzuri tu, hakuwa na kosa. Na mkataba wa dada ulipoisha haukurudiwa. Hakuna aliyesema ni kwa sababu aliugua. Walimshukuru kwa huduma yake, wakamtakia heri.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza uwanja wa ndege. Nilikuwa nimempikia chapati, nikamtilia kwenye mkoba, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Njia nzima alinieleza jinsi ya kuelewana na mwenye nyumba na ni duka gani la bakala pale Najma linauza unga mzuri. Kuhusu mzizi hakusema neno. Nyumbani pia hakusema. Aliwaambia wote kwamba ni presha, ni joto la Waarabu. Mama yangu akanipigia simu kunishukuru kwa jinsi nilivyomwuguza binti wa shangazi yangu. Akasema Mungu ataniona. Nikasema amina, mama.

Bado niko kwa Shosho. Siku hizi ninapopika dawa yeye huja jikoni, anakaa kwenye kiti nilichomwekea karibu na friji. Ninapofika kwenye manjano ananyoosha kiganja, ninavimimina humo, anavitazama, anavirudisha kwangu na mimi ndiye ninayevitia chunguni. Mwanzo nilidhani ananichunga. Ilinichukua muda kuona kwamba anavishika yeye kwanza ili, kukitokea lolote, mikono iwe miwili, wake na wangu. Sasa nakijua kipimo. Nakijua kwa jicho, kwa vidole, hata kwa harufu ya chungu kinapofunguliwa.

Ijumaa iliyopita, nilipotoka kanisani, dada alinipigia kwa video. Ana kibanda chake sasa, anauza chai na chapati karibu na stendi. Alikuwa amevaa ile sare ya kijivu ya hoteli aliyoondoka nayo, ameikata mikono ikawa aproni. Tukaongea habari za watu. Kisha akainama kidogo na kushika jiko kwa mkono mmoja, nikajua kabla hajasema.

"Limerudi," akasema. "Tumbo. Vidonge havisaidii kitu. Si unitumie kale kamzizi ka Shosho? Kidogo tu, venye yeye huweka. Si sasa unajua kipimo?"

"Siwezi, dada. Daktari alikukataza kabisa."

"Kidogo tu."

"Hapana."

Nyuma yake mteja aliomba chai, akamjibu aketi. Halafu akanitazama moja kwa moja, na akacheka, cheko lake lile lile la Najma.

"Wewe nawe," akasema. "Wakati hukuwa unajua, ulinipa mfuko mzima. Saa hii umejua, unaninyima."

Aliweka simu juu ya rafu bila kuikata, akageuka kugeuza chapati. Nikabaki nimeishika simu yangu kando ya barabara, nikitazama mgongo wake wa kijivu.